Mtoto Aliyeangushwa

Masomo: 2 Samweli 4:4 na 9:1–13



Mwezi huu twapenda kuwaletea habari ya mtoto mmoja ambaye husomwa mara chache makanisani mwetu. Jina lake ni Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Alikuwa na umri wa miaka mitano ilipofika habari ya vita kutoka Yezreeli, kwamba baba yake na babu yake wameuawa. Yaya wake akamchukua akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, na tangu siku hiyo akawa na ulemavu wa miguu yote miwili.

Tazameni jambo hili, ndugu zetu. Mtoto huyu hakuzaliwa hivyo. Hakuna aliyemlaani, wala hakuna mzazi aliyevunja mwiko. Aliangushwa na mtu aliyempenda, ambaye saa ile ile alikuwa akijaribu kumwokoa. Biblia haimlaumu yule yaya, wala haimtaji kwa jina. Yaeleza tu yaliyotokea, kisha inanyamaza. Baada ya hapo hatusikii tena habari za mtoto kwa miaka mingi, hata siku ile mfalme Daudi alipouliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli.

Alikuwa wapi miaka ile yote? Alikuwa Lo-debari, nyumbani kwa mtu aitwaye Makiri. Walimu wa Maandiko husema kwamba jina hilo laweza kuwa na maana ya mahali pasipo malisho. Yaelekea alikuwa amefichwa huko, tena kwa nia njema, maana zamani zile mfalme mpya aliweza kuwaua warithi wa mfalme aliyemtangulia. Makiri alitaka mtoto aishi. Lakini mtoto aliyefichwa, hata akifichwa kwa upendo, hana nafasi mezani, hana rafiki wa rika lake, na wakubwa wa nchi hawajui kama yupo.

LO-DEBARI YETU

Sisi wa Saza nasi tunayo Lo-debari yetu. Hatutataja kitongoji wala jina la mtu, na twaomba msiulize. Mama mwenyewe ameturuhusu kuyasema haya, kwa sharti kwamba tusimtangaze yeye.

Katika parishi yetu yupo mama mmoja mkomunika, ambaye hakosi ibada. Huuza vitumbua na chai kwenye makarasha asubuhi na mapema. Kila mwaka, baada ya Pasaka, tulifika nyumbani kwake kubariki nyumba. Tuliketi sebuleni, tukaomba, tukanyunyiza maji, tukanywa chai, tukaenda zetu. Chumba cha nyuma kilikuwa na pazia, nasi hatukukiendea.

Masika yaliyopita upepo uliezua bati za chumba kile. Majirani walikimbilia kusaidia, na ndipo walipomwona mtoto wa kike wa miaka tisa, asiyeweza kutembea wala kusema, amefungwa kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Mkononi alikuwa na kovu la moto. Mama yake alimfunga kwa sababu siku moja alijiburuta mpaka jikoni akaangukia mafiga, hali yeye mama yuko kazini.

Tulipokwenda kumwona tulitaka kumkemea. Yeye akatutazama akasema, "Padre, kila mwaka mlikuwa mkija. Hamkuniuliza hata siku moja kama nina mtoto mwingine." Hatukuwa na neno la kumjibu.

Akatueleza kwamba mtoto alipofikisha mwaka mmoja bila kukaa, watu walianza kusema baba yake amemtoa kafara ili apate dhahabu. Baba akaondoka. Mama akaogopa maneno ya watu mchana, na akaogopa zaidi watu wa usiku. Basi akamfunika mwanawe kwa pazia, kama Makiri alivyomfunika Mefiboshethi.

Tulifunga safari kwenda katika ofisi moja kuomba msaada. Karani akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema mtoto huyo hayumo. Tulitoka tumekasirika, tukiinung'unikia Serikali njia nzima. Tulipokaribia nyumbani, mzee mmoja wa kanisa tuliyekuwa naye akasema, "Hata katika daftari letu la ubatizo hayumo." Tukanyamaza. Mtoto yule alikuwa ameishi miaka tisa karibu kabisa na kengele yetu ya kanisa, nasi tulikuwa hatujamjua wala hatujambatiza.

NI NANI ALIYETENDA DHAMBI?

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walimwuliza Bwana kama aliyekosa ni mtu yule au ni wazazi wake (Yohana 9:1–3). Bwana alikataa yote mawili. Swali lile lingali hai hapa kwetu, nalo ndilo lililojenga lile pazia. Twapenda kulijibu waziwazi.

Wako watu wasemao kwamba ulemavu wa mtoto ni malipo ya dhahabu, na kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu. Uongo huu umemwaga damu nyingi katika nchi yetu, hasa tangu mwaka 2007. Machi 2015, katika kijiji cha Kipeta, upande wa pili wa bonde letu hili la Rukwa, mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye ualbino alikatwa mkono usiku. Mei 2024 huko Muleba, Mkoa wa Kagera, mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, na mwezi uliofuata mabaki yake yakaonekana yamewekwa ndani ya mfuko. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwamo baba wa mtoto, na alikuwamo padre wa kanisa. Hukumu ni ya mahakama, nasi hatuitangulii. Lakini sisi tuvaao kola na kanzu hatuwezi kusoma habari hiyo kana kwamba ni ya watu wa mbali.

Tena tarehe 5 Februari 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba nchi yetu haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu wenye ualbino.

Basi sikieni, ninyi mnaochimba. Ualbino hurithiwa. Baba na mama, kila mmoja akiwa amebeba mbegu yake bila kuonekana, wanaweza kumzaa mtoto mwenye ualbino. Katika Tanzania hukadiriwa mtu mmoja kwa kila watu 1,400 hivi. Adui wa mtoto huyo ni jua. Ahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, ambayo hutengenezwa hapa nchini katika hospitali ya KCMC, Moshi. Ahitaji pia kukaa mbele darasani, kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Mgodi wa zamani wa hapa Saza, uliofungwa mwaka 1956, ulitoa dhahabu nyingi kwa sababu watu walifuata mkanda wa mwamba chini ya ardhi, wakapasua jiwe na kulisaga. Dhahabu imo mwambani. Haimo katika mfupa wa mtoto, wala haikujificha nyuma ya ulemavu wake.

HARAKA ILE ILE

Lakini liko jambo moja ambamo dhahabu na ulemavu vyakutana kweli kweli, nalo si uchawi. Yule yaya alimwangusha mtoto kwa haraka. Sisi nasi tunayo haraka yetu.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika migodi midogo ya dhahabu Tanzania. Mojawapo ya wilaya walizotembelea ni Chunya, ambayo wakati ule ilituhesabu na sisi. Walikuta watoto wakishuka maduarani, wakibeba mawe, na wakichanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu. Tunaoishi hapa hatukuhitaji kuambiwa na mgeni. Tunaijua zebaki. Tumeiona ikimiminwa karaini, ikakamuliwa katika kitambaa, ikachomwa juu ya moto wa jikoni ili dhahabu ibaki. Moshi wake hauonekani, kwa hiyo twadhani haupo. Nao huingia kifuani mwa mama mjamzito na kumfikia mtoto tumboni. Huharibu ubongo ungali unajengwa. Mtoto anaweza kuzaliwa mzito wa kujifunza, au asiyeweza kuitawala miili yake ya mikono na miguu, au mwenye upungufu wa kuona na kusikia.

Nchi yetu iliridhia mwaka 2020 mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki, uitwao Mkataba wa Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambako watoto wengi waliharibiwa na sumu hiyo. Lakini mkataba hauingii jikoni kwetu wenyewe kwa wenyewe. Hatusemi kwamba kila mtoto mwenye ulemavu hapa Saza ameupata kwa zebaki. Kwa yule binti wa nyuma ya pazia hatujui, wala si kazi yetu kukisia. Twasema kwamba anayechoma zebaki ndani ya nyumba wanamolala watoto anakimbia na mtoto mikononi, na njia ina mawe. Aichome mbali na nyumba, kwa chombo cha kuufungia moshi, na mama mjamzito asikaribie kabisa. Na mtoto wa shule asiende mwaloni, awe mzima au awe na ulemavu.

MAMBO MANNE ALIYOYAFANYA MFALME

Turudi kwa Daudi. Yeye alikuwa ndiye Serikali. Tukiangalia sura ya tisa twaona alifanya mambo manne kwa ajili ya Mefiboshethi, nayo yafaa kuwa kipimo cha kila halmashauri.

La kwanza, aliuliza. Hakungoja mlemavu aje mlangoni. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 94 kama ilivyotungwa, yaipa kila mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake, na kuweka daftari la watoto walio katika mazingira magumu zaidi. Kwetu sisi mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Songwe, yenye makao yake Mkwajuni. Daftari ni kule kuuliza kwa Daudi. Lakini daftari lililoandikwa mara moja na kufungiwa kabatini haliulizi tena. Watoto huzaliwa, wahamiaji huja na kuondoka na dhahabu, na kitongoji cha mwaka jana sicho cha mwaka huu.

La pili, alituma watu kwenda kumchukua. Mtu asiyetembea hawezi kuambiwa aje ofisini. Afisa ustawi wa jamii, au mtu aliyetumwa naye, hana budi kufika mlangoni. Twajua maafisa hawa ni wachache, barabara zetu ni mbaya wakati wa mvua, na wakati mwingine hawana mafuta ya pikipiki. Hatuwalaumu kwa umaskini. Twaomba tu kwamba fedha zikipangwa, safari hii isiwe ya mwisho katika orodha.

La tatu, alimrudishia mashamba ya babu yake. Hakumpa sadaka ya siku moja; alimpa njia ya kuishi. Tangu mwaka 2016 shule za Serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne. Jambo hilo ni jema sana. Lakini kwa mtoto asiyetembea ada si kizuizi cha kwanza. Kizuizi ni kilometa tatu za njia, na choo chenye ngazi, na mwalimu asiyefundishwa lugha ya alama. Hayo ndiyo mashamba yake yanayopaswa kurudishwa.

La nne, alimkalisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Tena Biblia, baada ya kusema kwamba alikula mezani, inakumbusha kwamba miguu yake ilikuwa na ulemavu bado. Hakupona kwanza ndipo akaketi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inaagiza kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Kwa hiyo meza imeandaliwa kisheria. Je, hapa kwetu kamati hiyo yakutana? Wajumbe wake ni akina nani? Mama wa mtoto mwenye ulemavu amekwisha kuitwa?

HABARI YA SIBA

Lakini kuna mtu mwingine katika habari hii, nasi tusimpite. Daudi alipouliza, aliyejua alipo mtoto alikuwa Siba, mtumishi wa zamani wa Sauli. Bila Siba mfalme asingejua lolote. Ndivyo sheria yetu isemavyo pia: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka kila mwananchi mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya mahali hapo. Basi jirani aliyejua akanyamaza ana deni. Sisi tuliokunywa chai sebuleni tuna deni.

Hata hivyo, Siba huyo huyo, aliyekabidhiwa mashamba ya Mefiboshethi ayalime kwa niaba yake, baadaye alimsingizia kwa mfalme ili apewe mali yote (2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30). Mefiboshethi hakuweza kumfuata mfalme ajitetee mapema, kwa sababu alimtegemea Siba yule yule amtandikie punda. Fundisho hili ni zito. Mtu anayemhudumia mtoto mwenye ulemavu ndiye awezaye kumdhulumu kwa urahisi kuliko wote, kwa kuwa mtoto anamtegemea kwa chakula, kwa kuoga, kwa kwenda, hata kwa kusema.

Uchunguzi wa taifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kumi, na mvulana mmoja katika saba, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Nao utafiti uliotolewa mwaka 2012 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, uliokusanya takwimu za nchi mbalimbali, ulikuta kwamba watoto wenye ulemavu hupatwa na ukatili karibu mara nne kuliko wenzao. Mtoto asiyesema atamweleza nani?

Na msidhani kwamba Siba hukaa ofisi za Serikali peke yake. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Sababu yake ni taarifa iliyoonyesha kwamba mwanasheria John Smyth, aliyeongoza makambi ya vijana wa Kikristo, aliwatesa vijana zaidi ya mia moja huko Uingereza na katika Afrika, wakiwamo wavulana wa Zimbabwe. Viongozi walikuwa wameambiwa, nao hawakufuatilia mpaka mwisho. Kumbe hata watu wa sala, wakilinda jina la Kanisa badala ya kumlinda mtoto, humwacha mtoto mikononi mwa mbwa mwitu. Mwaka 2019 Baraza la Ushauri la Kianglikana lililokutana Hong Kong lilipokea miongozo ya kulifanya Kanisa kuwa mahali salama kwa watu wote. Miongozo hiyo ni yetu pia. Saza haiko nje ya Anglikana.

Bwana wetu alisema juu ya mtu amkoseshaye mmoja wa wadogo hawa kwamba heri jiwe kubwa la kusagia lifungwe shingoni mwake atoswe baharini (Mathayo 18:6). Watu wa Saza wanajua uzito wa jiwe la kusagia kuliko watu wengi. Lifikirieni siku mtakapotaka kuficha jambo.

YATUPASAYO

Ndugu zetu, hatuwezi kumaliza kwa kulia tu. Baraza letu la parishi limekaa, nasi tumeazimia haya.

Kwanza, kila kitongoji, wazee wawili na mama mmoja wa Umoja wa Mama watapita nyumba kwa nyumba, wakiuliza swali lile ambalo sisi tulishindwa kuliuliza. Watauliza kwa upole, na hawataingia chumba cha mtu bila ruhusa. Majina hayatasomwa kanisani. Yatapelekwa kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii, kwa idhini ya mzazi. Lakini ikiwa mtoto yumo hatarini, idhini haitangojwa.

Pili, mwalimu wa Shule ya Jumapili, katekista, hata padre, asikae peke yake na mtoto mahali pa siri. Wawe wawili, au mlango uwe wazi. Mtu akiudhika kwa kanuni hii, afikiri kwa nini imemwudhi.

Tatu, jambo la kuumizwa kwa mtoto halimalizwi nyumbani kwa mbuzi na fedha. Twajua kwamba jamaa hupenda kusuluhishana. Mbuzi huliwa siku moja, na mtoto hubaki na jeraha lake katika nyumba ile ile pamoja na aliyemjeruhi. Taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Asiyeweza kufika apige simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na haitozi malipo. Na padre asiombwe kuwa mpatanishi katika jambo la namna hiyo, maana atakataa.

Nne, tutaiandikia Halmashauri barua ya heshima, tukiomba mambo matatu. Daftari la watoto walio katika mazingira magumu lipitiwe upya kila baada ya miezi sita, kitongoji kwa kitongoji, nasi tutatoa watu wa kusaidia bila malipo. Iwekwe siku inayojulikana ambayo afisa ustawi wa jamii atakuwapo katika kata yetu, kama vile ijulikanavyo siku ya kliniki ya watoto. Na katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu, Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto itoe taarifa, bila kutaja majina: ni watoto wangapi wameandikwa, wangapi wametembelewa, wangapi wako shuleni. Jambo lisomwalo mbele ya watu ni vigumu kulisahau.

Wengine watasema kwamba kazi hizi ni za Serikali, Kanisa lisali. Twawajibu kwamba mwaka 1950 Kanisa letu Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Wazee wale walisali, kisha wakajenga. Tena wengine watasema watoto hawa wapelekwe wote katika vituo vya mbali, huko watakuwa salama. Zilipozidi habari za mauaji, watoto wengi wenye ualbino walipelekwa katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, na maisha yao yakaokolewa. Twamshukuru Mungu na waliowapokea. Lakini wako waliokaa huko miaka mingi, wakawasahau mama zao. Ukuta mrefu huokoa leo. Kesho mtoto ahitaji kijiji ambacho hakitamwinda. Kijiji hicho hakijengwi na Halmashauri peke yake.

KITI MEZANI

Yule binti alibatizwa. Sasa jina lake limo katika daftari letu, na limo katika daftari la kijiji. Kiti cha magurudumu kilichoahidiwa hakijafika, kwa hiyo vijana wawili humbeba kila Jumapili kwa zamu. Mama yake akiwa kwenye makarasha, jirani mmoja hukaa naye, na ile kanga imerudi kuwa kanga ya kujifunga mama. Moto wa jikoni umejengewa ukuta mfupi wa matofali. Kazi yake ilichukua asubuhi moja. Tulijiuliza sote kwa nini haikufanyika miaka saba iliyopita.

Kanisani hupiga kelele, hasa wakati wa kuimba, na pengine katikati ya mahubiri. Jumapili ya kwanza watu waligeuza vichwa, na mama yake akataka kumtoa nje. Tukamwomba abaki. Twawaomba ninyi nanyi mzoee sauti ile. Huenda ni kitu pekee alicho nacho cha kumpa Mungu, naye ametunza miaka tisa bila kupewa nafasi ya kukitoa.

Mefiboshethi alipoletwa mbele ya mfalme alianguka kifudifudi akaogopa, akajifananisha na mbwa mfu. Hilo ndilo alilofundishwa na miaka ya kufichwa. Mfalme hakubishana naye. Aliagiza kiti. Tukutane mezani, ndugu zetu, na kabla ya kuketi tutazame kama kuna aliyesahauliwa nyuma ya pazia.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyewaumba watoto wote kwa mfano wako, tusamehe sisi tuliopita mlangoni bila kuuliza. Wape viongozi wetu wa kijiji, wa kata na wa wilaya macho ya kutafuta na miguu ya kufika. Wafariji akina mama wanaoficha kwa sababu ya hofu, na uiondoe sababu ya hofu yao. Zuia mikono ya waovu. Utufundishe kwenda polepole, tukijua ni nani tuliyembeba mikononi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Bwana,
Mapadre na Wazee wa Kanisa, Saza